Utepe

Miaka sita nilikijua kila choo cha mji huu:
cha Marikiti, shilingi kumi, na maji huna;
cha Mwembe Tayari, mlango wake washikwa kwa mguu;
na kile cha nyuma ya duka la Bi Mwanatumu, Kibokoni,
ufunguo alinitia mkononi
wala hakuniuliza wa nini.

Arusini sikucheka. Nikicheka, basi.
Chafya niliibana kwa kidole chini ya pua.
Leso moja kiunoni, ya pili juu yake,
ya tatu mkobani, nimeikunja ndogo kama barua,
na jina lake, kana kwamba aliyeiandika alinijua:
Siri ya mtungi muulize kata.

Daktari Mwakio alinichorea juu ya bahasha ya picha.
Kibofu kimelegea, mama, kimeshuka.
Tutakitundika. Utepe mdogo tu, siku mbili uko nyumbani.
Kama pazia? nikamwuliza.
Akafurahi. Kama pazia hasa.

Mimi nimeshona mapazia Majengo miaka thelathini na moja.
Ilinipasa kuuliza palepale
ni nani ashikaye mkanda wa kupimia.

Siku ya tatu mpira ukatolewa. Nikaketi.
Nesi Kadzo akafungua mfereji nisikie mchirizi, yangu yavutike.
Mfereji ukakohoa, ukatoa upepo:
wiki ile kisiwa kizima kilikuwa kikavu.
Akachukua jagi na beseni, akamimina, akateka, akamimina,
mtu mzima na mwenzake chooni, twasikiliza maji.
Yangu hayakuja.
Tumbo gumu kama dafu.
Aliporudisha mpira akasoma kwenye jagi: mia tisa na hamsini.
Pole, akasema, na aliisema kwa mkono, begani.

Zamani sikuweza kufunga. Sasa siwezi kufungua.

Nikarudi nyumbani na mfuko, nikautundika kwenye tendegu.
Mjukuu: Nyanya, hiyo juisi ya ukwaju?
Ndiyo, nikasema, lakini ya wakubwa.
Kisha nikafundishwa kuingiza mpira mwenyewe,
mara tano kwa siku, kioo cha poda kati ya mapaja,
mimi ambaye hata mkunga nilimfumbia macho.
Homa ikaja, ikaenda, ikaja.
Na usiku mmoja Badi akashtuka, akasema
kuna kitu kimenichoma.
Akageukia ukuta.
Tangu hapo twasalimiana vizuri sana.

Hutokea, alisema Mwakio, kwa wachache.
Nikamwambia: mteja akinirudishia pazia halifunguki
simwambii ni wachache wanaorudi.
Natoa mkasi.
Alinyamaza. Kisha akavua miwani:
nikiukata, huenda yakarudi ya kwanza.
Sikuwa na jibu. Nina tarehe, mwezi wa Rajabu,
na nusu ya wiki naitaka, nusu siitaki.

Ya udhu niliulizia mlango wa nyuma, kwa mke wa ustadhi.
Jibu likaja na sahani ya mahamri, limefunikwa kitambaa:
swali ulivyo.

Jana saa nane za usiku maji yakaja mtaani.
Watu wote macho, ndoo, madumu, mtu amwita Athumani,
pampu ya jirani yanguruma.
Mimi niko chooni, mpira mkononi, daftari juu ya ndoo.
Kabla sijauingiza, kitu kikadondoka kwenye jagi.
Tena.
Nikazima taa nisikie vizuri.

Baadaye nikaiwasha, nikaandika,
chini ya mia nne na kumi za mpira:
matone kumi na moja. Yenyewe.